Mwiba Wenye Miguu

Sogeeni karibu, jamaa zangu, niwaeleze jambo lililotokea nyumba ya pili na kwangu. Mimi ni muuza mkaa. Nyumba yangu na ya mama fundi zimebanana kiasi kwamba yeye akipiga chafya, mimi ndiye wa kumwambia pole. Mengi nimeyaona kwa macho yangu haya, na yale ya ndani wenyewe waliniambia baadaye.

Asubuhi za nyumba ile zilikuwa tulivu. Mama fundi aliketi kibarazani akikanyaga cherehani, na binti yake aliinamia baiskeli akipaka mnyororo mafuta. Ilikuwa baiskeli ya milimani, yenye matairi manene ya meno, aliyopewa na ofisi ya maji. Kazi yake ilikuwa kupanda hadi kwenye tangi lililo juu ya kilima na kulikagua bomba njia nzima. Mtaani tulimwita Bibi Maji. Maji yakikatika tulimlaumu yeye, yakitoka hakuna aliyemkumbuka. Alikuwa anacheka tu.

Aliyekuwa hacheki ni mama yake. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na breki zilimkatalia kwenye mteremko wa kilima kilekile, akafa binti akiwa bado anabebwa mgongoni. Tangu hapo mama fundi hakutaka hata kukitazama kilima kile. Kiti chake cha kushonea alikigeuza akakipa kilima mgongo. Binti alipopata kazi, mama alimwambia mara moja tu, "Mwanangu, si utafute kazi ya huku chini?"

"Sasa mama, na maji nayo yashuke yenyewe?" binti alimtania.

Wakacheka, yakaisha. Kumbe kwa mama hayakuisha.

Pancha ya kwanza hakuna aliyeijali. Ya pili tukasema njia ina miiba. Lakini zilizidi kuja, na binti akaanza kuwa mkimya. Kila mara aliivua tairi, akaizamisha tyubu kwenye beseni la maji na kufuata mapovu mpaka kwenye tundu. Tundu lilikuwepo. Mwiba haukuwepo. Alipitisha vidole ndani ya tairi lote, akarudia kwa kitambaa ili kinase kitu, hakikunasa chochote. Alibandika kiraka, na baada ya siku chache tairi lilikuwa chini tena.

"Shangazi," aliniuliza siku moja, "mwiba gani huu unaochoma kisha unaondoka na miguu yake?"

Nilicheka. Nilipouona uso wake, cheko likanikauka mdomoni.

Mama yake alijibu kutoka kwenye cherehani bila kuinua kichwa. "Huo si mwiba, ni mtu. Kuna mtu hataki upande huko. Mimi ningekuwa wewe ningeacha hiyo kazi."

Wazazi wenzangu, mkono ule uliokuwa kwenye cherehani ndio uliokuwa unachoma matairi. Sisi hatukujua, lakini ninyi jueni tangu sasa. Binti alipoingia kuoga alfajiri, mama alitoa kwenye droo ile sindano nene ya kushonea mabegi, akaibana kwa kipande cha kitambaa, akachoma tairi ubavuni ambako mpira ni mwembamba, kisha akairudisha mahali pake. Alitaka binti achelewe, achoke, akasirike, aache. Hakumtakia mabaya hata kidogo. Alikuwa anaogopa, basi, na hofu yake akaipa sindano isemee badala ya mdomo.

Yale maneno ya "kuna mtu" yalimwingia binti mpaka kwenye mifupa. Alianza kutembea akigeuka nyuma. Baiskeli akaiingiza chumbani, akalala nayo ubavuni mwa kitanda kama mgonjwa anayeuguzwa. Hata mimi alinishuku! Nilikuwa nakata magunia kwa kisu changu kama siku zote, nikamsalimia, akaitikia huku anakitazama kisu. Iliniuma, nisiwafiche. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siku hizi akishuka kilimani hashiki breki.

"Kwenye vichaka vile kuna mtu ananivizia, shangazi. Nikienda polepole atanipata."

Msichana aliyekuwa akishuka taratibu, akisimama kwenye kila kiungo cha bomba, sasa alikuwa anashuka kama jiwe. Mwoga mmoja alikuwa amemtengeneza mwoga wa pili.

Asubuhi ya siku yenyewe, mama aliingia chumbani kwa kunyata wakati binti yuko bafuni. Aliinama kwenye gurudumu la mbele. Sindano ilipozama tu, akasikia komeo la bafu likifunguliwa. Akaivuta kwa nguvu, akaitupa kwenye droo bila kuitazama, akakimbilia jikoni. Binti alitoka, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, likawa gumu. Akafurahi. Ilikuwa siku nyingi hajafurahi. Akaniaga hata mimi kwa kupiga kengele.

Jua lilipopanda, mteja alileta begi lililochanika mkanda. Mama fundi akafungua droo. Mimi nilikuwa uani napanga makopo ya mkaa, nikasikia kiti kikianguka.

"Jirani! Jirani yangu, nimeua mtoto!"

Nilimkuta ameshika sindano iliyokatika. Ncha haikuwepo. Maneno yalimtoka vipande vipande.

"Nusu yake imo kwenye tairi lake la mbele. Ndiyo iliyoziba tundu. Ikichomoka mteremkoni... jirani, ikichomoka..."

Sikumuuliza alijuaje. Nilimtazama usoni nikaelewa yote. Tulipiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Tulipiga tena huku tunakimbia, yeye miguu mitupu, kuelekea kilima ambacho hakuwahi kukikanyaga tangu awe mjane. Tulifuata bomba. Kila kona nilikuwa naomba tukute njia tupu, na kila tulipoikuta tupu nikaogopa kona inayofuata.

Baiskeli tuliiona kwanza, imelala chali kandokando ya njia, tairi la mbele limelegea limetoka kwenye rimu. Mama fundi alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu.

Kisha kutoka mtaroni, chini ya bomba, tukasikia mnong'ono.

"Mama! Usije huku! Rudi, mama, kimbia! Yule mtu yuko hapahapa!"

Alikuwa hai. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika, kidevu kimechanika, na kwa mkono uliobaki alikuwa ameshika jiwe ili amlinde mama yake.

Mama fundi alishuka mtaroni kwa magoti, nami nikazunguka nikashukia nyuma ya binti. Alifungua kiganja akamwonyesha ile nusu ya sindano. "Weka jiwe chini, mwanangu. Hakuna mtu. Ni mimi. Siku zote nilikuwa mimi."

Nilitegemea binti atalia, au atamtukana. Hakufanya hivyo. Alijivuta nyuma kwa makalio, mkono uliovunjika ukiburuzika, akaja kuushika mguu wangu. Mama alinyoosha mkono amguse, binti akafumba macho kwa woga.

Mkono ulipona. Binti sasa anaishi kwenye chumba cha ofisi kilicho karibu na tangi, na kazi yake anaifanya. Huja kumsalimia mama yake, maana moyo wake ni mwema. Hula, huzungumza, hucheka hata. Lakini kila akija huketi upande wa mlango, mahali anapoiona baiskeli yake, na mama akisimama tu kuchukua kikombe, macho ya binti yanamfuata.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kumwogopea mtoto si kosa. Nani kati yetu haogopi? Kosa ni kuificha hofu hiyo na kuifanyia kazi kisirisiri. Mama fundi angeweza kusema, "Baba yako alikufia pale, na mimi silali ukiwa huko." Binti angemsikiliza, wangetafuta njia pamoja, hata kama ni kushuka anaikokota baiskeli. Badala yake alimtisha mtoto kwa adui asiyekuwepo, na hofu hiyo ndiyo iliyomwachisha breki. Msiwatishe watoto wenu ili wakae karibu. Wenye hofu ya aina hii najua mpo, maana mimi nina mwana dereva. Leo akirudi nitamketisha nimwambie. Na ninyi wa kwenu waambieni, kwa mdomo, wakiwa bado wanawakimbilia wakiogopa.