Siku Thelathini za Douce

Walikutana soko la Nathenje, Malawi, mwaka 2013, katikati ya kelele za wauza nyanya na wenye baiskeli za abiria. Douce, fundi wa kushona, amejifunga kitenge cha kijani kibichi, alikuwa akimkaripia muuzaji kwa sindano zinazovunjika kila siku.

"Sindano iko bien, dada," mtu alisema nyuma yake. "We njo unaiweka mgongo mbele."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa, vidole vyeusi kwa grisi. Cirhuza, fundi wa mashini za kushona katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, kama yeye.

"Sindano yangu uliionea wapi?"

"Bado. Nikuje kuiona?"

Douce alicheka kabla hajajizuia.

Miezi ikapita kwa simu, Cirhuza Dzaleka, Douce mjini Lilongwe, mtaa wa Area 49, alikoshona katika duka la Amayi Nkhata, mama wa Kimalawi. Mwezi wa nane ulipoanza, Cirhuza alipiga akihema kwa furaha.

"Chérie, nimepata chumba na mashini mbili! Shule inataka yunifomu za batoto mia moja mbele masomo ianze. Kuja kesho!"

"Kesho haiwezekani. Nilitia sahihi mkataba. Mtu akiacha kazi anaandika barua, anatumika kazi tena siku makumi tatu."

"Makumi tatu? Bantu banatoka saa ya kula, habarudi! Nani atakufuata? We ni mukimbizi."

"Njo maana sitaki."

Cirhuza alikata simu.

Kesho yake Douce alipeleka barua. Amayi aliisoma mara mbili, akamwahidi usimamizi wa duka zima ili abaki. Douce alikataa kwa upole; aliomba tu amalize siku zake, amfundishe Isimbi, mrithi wake kazini, kukata kola. Habari ilifika Dzaleka nusu: ahadi ilifika, jibu halikufika. Wiki mbili Cirhuza hakupiga. Kila simu ilipolia, Douce alitupa mkasi, na hakuwa yeye. Siku ya ishirini alifunga begi lake, akafika hadi mlangoni, akarudi kukaa.

Siku mbili baadaye Cirhuza mwenyewe alitokea, amejaa vumbi.

"Niambie kweli. Unabaki?"

"Nani alikuambia?"

"Bantu."

"Na balikuambia nilikataa?"

"Hapana. Hiyo habakusema."

"Bukavu tulitoka sahani zikiwa mezani," Douce alisema. "Jirani, mwalimu, rafiki zangu ba kanisa, hakuna niliyemuaga. Tanzania vilevile. Kila fasi nimetoka sawa mwizi. Hapa acha nitoke kwa mlango, na kwaheri."

Cirhuza alitoa mfukoni shati dogo la shule, mkono mmoja umepinda kama kiwiko kilichovunjika.

"Shule imetuachia yunifomu makumi ine tu ya ile mia," alisema. "Zingine wamepeleka kwingine."

"Umenikasirikia?"

"Nilikasirika. Sasa nionyeshe hii mikono inashonwa namna gani."

Siku ya thelathini, saa tisa alasiri, Amayi alimwandikia Douce barua ya kumshukuru. Cirhuza alikuja amevaa suti ya kuazima. Douce alidhani amekuja kubeba mizigo, lakini Cirhuza alimpita, akapiga goti mbele ya Amayi, akasema kwa Chichewa, lugha ya Amayi, akijikwaa:

"Amayi, Douce hana baba wala mjomba nchi hii. Nimetafuta mlango wa kupeleka posa, nimekosa. Naomba mlango huo uwe wako."

Amayi alivua miwani.

"Huyu aliingia kwangu kwa heri, anatoka kwa heri. Ni mwanangu. Basi humchukui leo kama furushi. Atalala kwangu. Jumapili lete wazee wako, tuongee."

Douce alijifunika uso kwa ncha ya kitenge. Tangu Bukavu hakuwa na nyumba ambayo mtu angeweza kuja kumwomba.

"Na we unasemaje?" Cirhuza alimnong'oneza.

"Umesikia mama," alijibu, machozi yakimtiririka. "Kuja Jumapili."