Mstari wa Saba

Jioni ile niliteremka bwawani kusoma kipimo, kama kila siku. Kazi yangu ni hiyo tu: naangalia maji yamefika mstari gani kwenye nguzo, nampigia simu msimamizi, narudi nyumbani. Mama hunitania kwamba nimeajiriwa kukodolea maji macho.

Ukame ulikuwa mkali. Matuta ya makaburi ya kale, yaliyozamishwa bwawa lilipojengwa, yalikuwa yamechomoza, na mawe yake yenye michoro yako wazi. Mwezi mmoja kabla nilichukua moja, bapa, nikamwekea mama uani awe anafulia. Lilikuwa na mistari saba. Nilidhani ni urembo tu. Mimi, msoma vipimo mzima.

Maji yalikuwa yameshuka tena.

Nyumbani nikakuta chumba cha mama kinanuka matope. Amelala, shuka imelowa miguuni, na paa halivuji. Nikampangusa. Miguu ikalowa tena mikononi mwangu... mpaka kwenye vifundo, si zaidi, kama mtu aliyesimama majini.

Nikatoka uani. Jiwe lilikuwa limelowa mpaka mstari wa kwanza.

Kesho yake bwawa likashuka. Mama akalowa mpaka magotini. Jiwe, mstari wa pili.

Jiwe lile nililibeba begani peke yangu. Sasa nilipotaka kulirudisha, majirani wanne na mtaimbo hawakulitikisa. Daktari akasema ni jasho. Nikaamua kumpeleka mama kwa dada yangu, mbali na bwawa. Akalowa mpaka kiunoni ndani ya gari. Nikageuza.

Jana alininong'oneza.

"Mwanangu... wanasema mmewafunua."

"Nani, mama?"

"Sasa wananifunika mimi."

Leo nimemwomba msimamizi afunge milango ya bwawa, hata kwa siku mbili. Akasema mjini watu wana kiu, na mvua ni mpaka mwezi ujao. Kisha akauliza maji yamefika wapi.

Nikamwambia yameshuka.

Nimekaa na mama sasa, nimemwinua kwa mito mitatu. Naogopa, na sina la kufanya. Akikohoa, shuka inapata matope. Jiwe limebakiza mstari mmoja mkavu. Mama amebakiza mdomo na pua.

Kesho jioni natakiwa nikasome kipimo.