Taa za Tela la Mbaruku

Mbaruku wa Makole alikuwa na pikapu, na pikapu ilikuwa na kazi. Siku zile biashara ya nafaka ilikuwa imefunguliwa, na kila mwenye gari alikimbilia vijijini. Mbaruku alinunua mahindi Kolo na kuyauza Dodoma mjini. Pikapu peke yake haikumtosha, akanunua tela kuukuu.

Nyaya za taa alizifunga mwenyewe. Waya wa taa ndogo, waya wa breki, nyaya mbili za indiketa, basi. Alijaribu, zikawaka. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Evelina, alikuwa fundi umeme wa magari katika karakana ya serikali. Mbaruku hakumwita. Mwanamume mzima amsumbue jirani kwa nyaya nne?

Kwa kina Mbaruku, chombo kipya hakiingii barabarani bila kusomewa dua. Basi siku moja kabla ya dua, alilipaka tela rangi ya kijani. Alipaka kila mahali: mbavuni, kwenye bolti za taa, hata ndani ya ndoano ya kuliunganisha na pikapu. Majirani walikuja, wakaitikia dua, wakala pilau.

"Linameta!" alisema mkewe, Mwanamvua.

Mbaruku alitabasamu hadi gego la mwisho likaonekana. Taa hakuzijaribu tena.

Safari ya kwanza alirudi na magunia tele. Binti yake Yusra, mwenye miaka kumi na miwili, aliomba kukaa juu ya magunia kwenye tela, apunge upepo. Baba alikubali. Walipokaribia Msalato jua lilikuwa limezama, akawasha taa. Mara kundi la mbuzi likakatiza barabara. Akakanyaga breki.

Nyuma yake honi ililia kwa nguvu. Matairi yalikwaruza changarawe. Lori lilipita ubavuni mwa tela, likachepuka, likaingia kwenye miiba. Vumbi lilifunika kila kitu.

"Yusra!" Mbaruku aliita. Akashuka mbio. "Yusra!"

"Nipo, Baba."

Alimshusha mtoto na kumkumbatia.

Dereva wa lori, Matonya, alikuja mbio. "Wewe bwana, unataka niue mtoto wa mtu? Naziona taa zako, mara zinazimika! Nikadhani umekata kona. Kumbe umesimama!"

"Zizimike vipi? Nimekanyaga breki!"

"Haya, kanyaga tena."

Mbaruku alipanda garini, akakanyaga. Yusra alisimama nyuma ya tela.

"Zimezimika, Baba."

Aliachia.

"Zimewaka, lakini hafifu."

Alikanyaga tena.

"Zimezimika."

Mbaruku alishuka, akaketi chini kwenye changarawe. Magunia yaliziba taa za pikapu, na kila alipotaka kusimama, tela lake lilijificha, na mwanawe alikuwa juu yake. Matonya alipomwona hivyo, hasira zilimwisha. Yusra akahamia mbele. Matonya akalitoa lori miibani, akawafuata kwa mbali hadi mjini, indiketa za lori zikimulika ili wengine wajihadhari.

Asubuhi, kabla hata ya chai, Mbaruku alibisha hodi kwa Evelina. Alimweleza yote, bila kujitetea.

"Mungu wangu!" Evelina alishika kichwa. "Siku ya dua nilitaka kukuuliza nani kafunga nyaya. Nikaona nitaharibu shughuli ya watu."

"Bora ungeiharibu tu, dada yangu."

Evelina alikagua fyuzi na balbu kwanza. Zilikuwa nzima. Kisha akawasha taa, akachukua waya mrefu. Ncha moja aliigusisha kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha taa ya tela. Taa ikawaka vizuri kabisa.

"Umeona, Baba Yusra? Umeme ukienda kwenye taa lazima upate njia ya kurudi kwenye betri. Njia hiyo ndiyo tunaita ethi. Wewe hukuifunga. Umeme ulikuwa unarudi kupitia ndoano, chuma kwa chuma. Ulipopaka rangi, ukaiziba."

"Lakini mbona zilikuwa zinawaka kidogo?"

"Balbu hii ina nyuzi mbili, mmoja wa taa ndogo na mwingine wa breki. Njia ya kurudi ikikosekana, umeme wa taa ndogo unajipenyeza kwenye uzi wa breki, unarudi kwa shida kupitia taa za breki za pikapu. Ukikanyaga breki, umeme mwingine unakuja kutoka huko huko. Unakutana uso kwa uso. Hakuna unaopita, taa inazimika."

Mbaruku alijishika kiuno. Rangi! Rangi yake nzuri ndiyo ilitaka kummalizia mtoto.

Walifanya kazi pamoja. Evelina alifunga waya wa tano, wa ethi, kutoka kwenye bodi ya pikapu, kupitia plagi, hadi kwenye kila taa. Mbaruku alikwangua rangi kwa msasa kwenye bolti za taa mpaka chuma kikang'aa. Nyaya wakazifunga mbali na bomba la moshi, zisiburuzike chini. Karibu na ndoano waliziachia ulegevu, zisikatike gari likikata kona.

"Na kila ukifunga tela, jaribu," alisema Evelina. "Mmoja akae garini, mwingine asimame nyuma. Washa taa ndogo, kisha ukanyage breki zikiwa zinawaka. Hapo ndipo ubovu huu unajitokeza."

"Na Yusra?"

"Yusra akae mbele. Hata taa ziwe nzuri namna gani, tela si kiti cha mtu."

Juma lililofuata walitoka tena Kolo jioni. Yusra alisinzia kiti cha mbele. Punda mmoja akakatiza barabara. Mbaruku akakanyaga breki, akatazama kioo. Basi lililokuwa nyuma lilipunguza mwendo, likasimama taratibu, mbali kabisa.

Yusra alifumbua macho. "Baba, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu," alisema Mbaruku, akipangusa machozi. "Lala."