Bwawa Namba 417

SAA 5:40 ASUBUHI, IJUMAA

Katika chumba cha nyuma cha duka la barafu, mjini Rupsha, Motaleb alichora ramani ya kiwanda cha kambamiti kwa ncha ya kisu juu ya pande la barafu.

"Ofisi ya usafirishaji hii hapa. Adhana ikilia, karani anakwenda msikitini. Tunaingia na gari la barafu kama kila siku. Tunachukua kitu kimoja tu. Daftari la kijani."

Nirapad, dereva, alicheka. "Daftari? Bosi, mimi nimezoea kuiba vitu vya kulika."

"Kila katoni ya kambamiti inayokwenda Ulaya ina namba. Namba inamwonyesha mzungu bwawa. Bwawa linamwonyesha mfugaji. Ukiwa na namba safi, hata kambamiti waliodungwa sindano kuongezwa uzito wanapita. Mteja ninaye. Basi."

Ekhlas alikuwa mpakiaji wa barafu. Miaka sita alikuwa mtu wa kutouliza. Kimbunga kilipopiga kijiji chao, Koyra, mdogo wake Anisur alikuwa kibandani akilinda bwawa lao la kambamiti. Tuta lilipasuka. Maji yakabeba bwawa, kibanda na Anisur. Mwili haukuonekana. Motaleb, dalali aliyekuwa akinunua kambamiti wao, ndiye aliyempa Ekhlas kazi na chumba. Watu wakasema dalali yule ana roho ya kitajiri.

Barafu iliyeyuka, ikadondoka ndooni. Kila tone Ekhlas alilisikia likiita: kaka. Kaka.

SAA 7:28 MCHANA

Adhana ilikuwa imelia. Mlinzi, kofia tayari kichwani, aliwafungulia geti bila kuwatazama. Motaleb alianza kushusha barafu. Nirapad alibaki kwenye usukani. Ekhlas alipanda ngazi.

Kufuli la kabati halikushindana na bisibisi. Daftari lilikuwa zito kama tofali.

Alitakiwa kulitia guniani na kushuka. Lakini alilifungua.

Koyra. Bwawa namba 417. Mfugaji: Anisur Gazi.

Kambamiti, kilo mia mbili arobaini. Jumanne iliyopita.

Alirudisha kurasa nyuma. Mwezi uliopita. Mwaka uliopita. Miaka sita maiti inauza kambamiti. Na kila mstari ulikuwa na alama ya dole gumba. Anisur alijua kusoma, akajivunia saini yake kuliko shati lake la Idi. Hakuwahi kutia dole. Dole hili lilikuwa na kovu, limelipasua katikati.

Akashusha kidole chini. Rahela Bibi. Subol Mondol. Majirani. Wote walikwenda na maji. Wote walitiwa dole lile lile. Ndani ya jalada palichomekwa barua: wakaguzi kutoka Dhaka wamefikia hotelini, wanafuata katoni iliyorudishwa kutoka Ulaya.

SAA 7:41 MCHANA

Walikaa watatu mbele, Ekhlas katikati.

"Pita njia ya tanuri la matofali," Motaleb aliamuru.

"Mteja yuko tanurini?" Nirapad aliuliza.

"Wewe endesha." Akanyoosha mkono kwa Ekhlas. "Lete."

Ekhlas aliutazama ule mkono. Dole gumba. Kovu, katikati.

"Hakuna mteja, bosi. Kuna wakaguzi kutoka Dhaka. Wanafuata katoni iliyorudishwa, na katoni inakuja kwako. Unataka kulichoma daftari tanurini."

Motaleb alirudisha mkono. "Umelifungua."

"Umemfanya mdogo wangu mfugaji wako."

"Nimempa kazi baada ya kufa, ndugu yangu. Na wewe nikakulisha kwa jasho lake. Miaka sita unakula. Hukusikia ladha?"

"Hata Subol Mondol yumo," Ekhlas alisema taratibu.

Nirapad aligeuka. "Subol yupi? Mjomba wangu?"

Alikanyaga breki kwa miguu miwili. Motaleb alikuwa ameshachomoa kisu. Kilimpitia Ekhlas ubavuni kabla paji la Motaleb halijagonga kioo. Nirapad aliruka juu ya Ekhlas akamkaba dalali koo.

"Kimbia, kaka! Peleka!"

Ekhlas alitoka kwa mlango wa dereva, amekumbatia gunia, damu ikimchuruzika mpaka kwenye kandambili. Nyuma yake alisikia Nirapad akitukana, kisha akikohoa, kisha kimya.

SAA 8:30 MCHANA

Mkaguzi Tahmina Sikdar alikuwa mezani hotelini akila wali na samaki. Gunia lilitua kando ya sahani.

"Nimeiba," Ekhlas alisema. "Nifungeni. Lakini someni kwanza."

SAA 4:10 ASUBUHI, JUMATATU

Motaleb alikuwa rumande. Alikamatwa kivukoni, shati limejaa damu ya Nirapad. Mwili wa Nirapad ulikuwa umeshachomwa moto na ndugu zake, kwa desturi yao ya Kihindu.

Boti ilikata maji ya kahawia. Ekhlas alikuwa na pingu, na bandeji chini ya shati, polisi kando yake. Mkaguzi alishika daftari na ramani.

"Mia nne kumi na saba. Nionyeshe."

Ekhlas aliitazama safu ya minazi mbali, akapima kwa macho. "Zima injini."

Hapakuwa na tuta wala kibanda. Maji tu, mpaka macho yachoke. Mkaguzi alishika kalamu muda mrefu bila kuandika.

Ekhlas alimgeukia mwenye boti, mzee wa ndevu nyeupe. "Baba, unajua kuswalia maiti?"

"Najua. Maiti iko wapi?"

"Tumesimama juu yake."

Mzee aliinama kando ya boti. Alichota maji, akatawadha, akasimama mbele. Polisi alitafuta ufunguo mfukoni, akamfungua Ekhlas pingu.