Nusu Bomba, Nusu Mfereji

Bomba lilipofika mtaani kwao Moshono, Namnyaki alitokwa na machozi ya furaha. Miaka sita alikuwa akishuka mferejini na ndoo kichwani, akiwa mzima au mjamzito. Sasa bomba lilikuwa hatua ishirini tu kutoka mlangoni.

Mama mkwe wake, bibi Namelok, ambaye nyumbani wote walimwita Yeyo, yaani mama, hakufurahi. Alionja chai ya kwanza ya maji ya bomba, akaitema.

"Namnyaki, hii chai umeipikia kwenye duka la dawa?"

"Hapana, Yeyo. Ni maji ya bomba."

"Yananuka. Mimi nimekunywa maji ya mfereji wa mlimani tangu sijaota meno, na sasa meno yenyewe yanaondoka. Sibadilishwi leo."

Namnyaki hakutaka ugomvi. Yeyo ndiye aliyemlelea Nalepo, binti yake wa miaka miwili, yeye akienda sokoni kuuza ndizi. Basi akabuni njia yake kimyakimya. Kila asubuhi alijaza pipa: nusu maji ya bomba, nusu maji ya mfereji. Maji ya Nalepo, ambayo zamani aliyachemsha, akaacha kuyachemsha; si bomba limefika? Harufu ikapotea. Yeyo akanywa vikombe viwili, akasifu. Lemomo, mume wa Namnyaki, naye akasifu.

Wiki ya pili Nalepo akaanza kuharisha. Akapona, akaharisha tena. Mara ya tatu macho yalimwingia ndani, hakuweza hata kulia. Namnyaki alimbeba mbio hadi zahanati. Pale akanyweshwa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko.

"Nyumbani mnakunywa maji gani?" mganga aliuliza.

"Ya bomba," Namnyaki alijibu bila kupepesa jicho.

"Basi nitawaambia watu wa maji walikague."

Kesho yake akaja Zakia, mhudumu wa tangi la maji. Alikuwa msichana mwenye mtandio, buti za mpira, na kisanduku mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetutilia dawa?"

"Ndiyo mimi," Zakia alicheka. "Maji haya yanatoka kwenye chemchemi, huko juu Meru. Yanashuka hadi tangini, yanatulia, tope linakaa chini. Kisha yanapita kwenye chujio la mchanga. Mwisho natia klorini, kidogo tu, ndipo nayafungulia yaje kwenu. Klorini haiishii tangini. Inasafiri na maji, ikiua vijidudu hadi kwenye ndoo yako."

Alikinga maji ya bomba kwenye kichupa, akadondoshea matone ya dawa ya kupimia. Yakawa ya njano. Akachota ya pipani kwenye kichupa cha pili, akadondoshea. Hayakubadilika.

"Enhe!" Yeyo alipiga makofi. "Ya pipa ndiyo safi. Hayo mengine si mkojo wa punda?"

"Hapana, bibi. Njano inaonyesha kwamba klorini bado ipo, inalinda. Huku kwenye pipa imekwisha kabisa." Zakia akageuka. "Mama Nalepo, bomba ni zima. Humu pipani kumeingia nini?"

Namnyaki angeweza kusema hajui. Alimtazama Nalepo mgongoni kwa bibi yake, shingo imekonda kama ya kifaranga.

"Ya mfereji," alisema. "Nachanganya nusu kwa nusu, ili yasinuke."

"Huko juu ng'ombe wanaukanyaga mfereji huo, na watu wanafulia humo. Uchafu wote huo unaimaliza klorini, na vijidudu vinabaki."

"Mbona mimi siumwi?" Yeyo akauliza.

"Bibi unakunywa chai. Maji yake yamechemka. Mtoto anakunywa mabichi."

Yeyo alimgeukia mkwewe. Kisha akasema taratibu, "Namnyaki, ulifanya hivyo kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya chai, Yeyo."

"Lete sabuni."

Walilisugua pipa wote watatu. Zakia akaeleza: maji ya bomba peke yake, na mfuniko juu. Yakitulia saa chache, harufu inapungua. Kuchota ni kwa kata yenye mpini mrefu, mkono usiguse maji. Ya kunywa mtoto yachemshwe kwanza.

Mwezi ulipokwisha, Nalepo alikuwa akifukuza kuku uani na kuwashinda mbio. Yeyo alikaa mlangoni na kikombe chake.

"Chai ikoje, Yeyo?" Namnyaki aliuliza.

"Inanuka kidogo." Akamaliza, akasogeza kikombe. "Ongeza."

Lemomo alirudi kutoka shambani akiwa na kiu. Akafunua pipa, akataka kuchovya kikombe. Mama yake akampiga kofi mkononi.

"Kata ile pale! Unataka kumuua mjukuu wangu?"