Wiki Maziwa Yalipomwagwa

Rejista ya chanjo ilikuwa imeibwa, lakini kufuli la kabati la zahanati halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Inspekta Jepkemei aliligeuza mkononi, akaguna. Wezi wa Subukia aliwajua vizuri. Nani kati yao angeacha kompyuta mezani abebe daftari la majina ya watoto?

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi na mlinzi, Kabiru," muuguzi Winrose akajibu upesi. "Na huyo Kabiru, madam, mimi siwezi kumwapia."

Upesi mno, Jepkemei akawaza.

Adero, afisa wa afya kutoka Nakuru, alikuwa amefika asubuhi hiyo kukagua jinsi zahanati inavyoripoti surua. Kila Jumatatu Winrose alituma idadi ya wagonjwa kwa simu. Wiki kumi na mbili mfululizo alituma sufuri. Lakini juzi mtoto wa Wanjugu, jirani tu hapo, alizikwa akiwa amejaa vipele.

"Ule ulikuwa upele wa joto," Winrose alisema. "Surua ingempataje na alichanjwa?"

Jepkemei akaenda kwa Wanjugu.

"Ulikuwa ukambi, hiyo mnaita surua," mama huyo alisema, macho yamevimba. "Nilimwambia sista. Akaniambia nimpake mafuta."

Alitoa kijitabu cha kliniki ndani ya mfuko wa plastiki. Jepkemei nusura acheke kwa hasira. Mwizi alibeba rejista akasahau kwamba kila mama anaweka chake nyumbani.

"Hapa imeandikwa alidungwa chanjo tarehe kumi na nne Mei. Unaikumbuka?"

"Nitasahau aje? Ni ile wiki maziwa ilimwagwa. Stima ilipotea siku nne, mtambo wa ushirika ukazima, maziwa yote ikaharibika."

Jepkemei alikichukua kijitabu. Na friji ya chanjo je?

Alirudi zahanati, akakiweka kijitabu mbele ya Winrose.

"Stima ilipopotea ulikuwa wapi?"

Winrose akakisukuma kijitabu kando.

"Sista, nimekuuliza."

"Nilienda Bahati, kwa ruracio, sherehe ya mahari ya dadangu. Siku tatu, bila ruhusa." "Nilirudi nikapata friji ni vuguvugu. Dawa ilikuwa ya kumwaga. Lakini kumwaga kuna fomu, na fomu inauliza nani alikuwa zamu. Akina mama walikuwa wamejaa kwa benchi. Nikadunga."

"Watoto wangapi?"

"Arobaini na mmoja. Walipoanza kuugua, ningeandika surua wangeuliza mbona waliochanjwa ndio wanaugua. Nikaandika upele."

Jepkemei alitamani kumzaba kofi. "Rejista iko wapi? Wamebaki arobaini, na mama zao wanadhani wako salama!"

Winrose alifungua friji, akaitoa chini ya trei. "Nilishindwa kuichoma," alisema, akinyoosha mikono ifungwe pingu.

Adero alifungua ukurasa wa Mei, akapiga nambari ya kwanza, simu ikiwa kwenye spika.

"Mathe, mtoto anaendelea aje?"

"Ako sawa tu, daktari," sauti ikajibu. "Ni joto kidogo, na macho imekuwa nyekundu."