Viatu vya Siku ya Msimamizi

Shuleni kwetu kila siku huanza vilevile: kengele, mstari, sala, ukaguzi wa kucha, kisha kila mtu darasani kwake. Siku moja tu kwa mwaka ratiba hubadilika, nayo ni siku ya kuamkia sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa shule. Alasiri hiyo darasa la nne huchuchumaa barazani na kung'arisha viatu vya darasa la saba, ili wakubwa waingie Misa ya kesho wakimetameta. Tuliambiwa ni desturi tangu masista waanzilishi.

Nilipokuwa darasa la nne nilisugua jozi tatu. Moja ilikuwa ya dada aliyekanyaga matope makusudi, kisha akacheka. Nilimeza machozi nikajiambia zamu yangu itafika. Basi mwaka huu ikafika. Nimo darasa la saba, kiranja wa usafi tena, nimekaa kwenye benchi nimenyoosha miguu. Na nani akaniharibia? Kabinti ka darasa la nne, kembamba mpaka wenzake wanakaita Kijiti.

"Sing'arishi," akasema, mikono nyuma.

"Unasemaje?"

"Samahani, dada. Lakini mikono unayo, tena mizima."

Damu ilinichemka. Mtoto wa juzi tu ananihesabia mikono! Nikamwambia asiyefuata desturi za shule hii hatabeba mshumaa kwenye maandamano ya kesho. Machozi yalimlengalenga, lakini brashi hakuishika.

Nikaenda moja kwa moja maktaba kwa Sista mzee anayetunza kumbukumbu za shule. Nilitaka anionyeshe ilipoandikwa desturi hiyo, nimwonyeshe Kijiti akome.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele, amina. Mbona unahema hivyo, mwanangu?"

Nikamweleza yote. Alishusha kitabu kikubwa ambamo masista waliandika matukio ya kila siku, akafungua kurasa za mwanzo. "Soma kwa sauti."

Nikasoma: "Leo wakubwa wa darasa la saba wamepiga magoti na kung'arisha viatu vya wadogo wa darasa la nne, kwa mfano wa Bwana wetu aliyewaosha mitume wake miguu."

Nilirudia mstari ule mara mbili. "Sista, hapa wamekosea."

"Hawakukosea. Huo ni mwandiko wa mwalimu mkuu wa kwanza." Akafunua mbele zaidi. Mwaka mmoja mitihani ya darasa la saba iliangukia wiki ya sikukuu, wadogo wakaombwa wawasaidie wakubwa, mara hiyo tu. "Mwaka uliofuata hakukuwa na mtihani wowote wiki hiyo," alisema Sista, "lakini wakubwa walikaa tu wakanyoosha miguu. Na mdogo gani angethubutu kuuliza?"

"Na nyie masista mlikuwa wapi?" Maneno yaliniponyoka.

Sista akavua miwani. "Tulikuwa hapahapa. Tuliona viatu vinang'aa, tukaridhika. Hilo ni kosa letu. Nitamweleza mwalimu mkuu, na mwakani kurudia desturi ya kwanza itakuwa amri. Ya leo nakuachia wewe."

Hapo ndipo hasira ilinipanda. Kumbe nilidhulumiwa! Jozi tatu, na matope juu! Na sasa nikitenda haki nitapiga magoti tena, zamu yangu nisiione hata siku moja.

"Darasa letu lisugue mara mbili? Si haki, Sista!"

"Si haki kweli," akasema. "Sitakudanganya."

Nilirudi barazani nikitembea kwa kishindo, Sista nyuma yangu na kitabu chake. Nikamsimamia Kijiti.

"Kaa kwenye benchi. Vua viatu."

"Dada, basi nitang'arisha!" akalia.

"Vua, nimesema!"

Nikapiga magoti, nikashika brashi. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimeugua ghafla. Sista akawasomea ule ukurasa wa mwanzo. Baadhi walinuna wakaondoka na viatu vyao kwapani. Tisa walibaki, wakapiga magoti mmoja mmoja, kila mmoja akinung'unika kwa namna yake.

"Kesho utabeba mshumaa," nikamwambia Kijiti. "Nilikosea kukutisha."

"Asante, dada. Cha kushoto bado kina vumbi kisiginoni."

Nilimtazama. Nikasugua kisigino.

Sista alitusubiri tumalize jozi za kwanza. "Sikilizeni, wanangu," akasema. "Mtu akionewa, ni rahisi kumwonea anayemfuata, kisha akauita uonevu huo desturi. Kuukomesha uonevu ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu anayeukomesha huwa ameshaumia yeye, na hakuna atakayemlipa. Msione haya kukasirika. Angalieni tu hasira yenu inamwangukia nani."

Mimi nilikuwa bado nimekasirika, siwafichi. Nikamwita mtoto aliyefuata, nikamwambia aketi.